Raia Kumi na Wawili wa Bissau

Herbert alikuwa ameendesha gari la kampuni miaka mitano bila kulikwaruza hata mara moja, na miaka hiyo yote alikuwa ameitamani meza moja. Ilikuwa karibu na dirisha, ghorofa ya sita, katika ofisi ya washauri wa uwekezaji pale Al Sadd, mjini Doha, na hakuna aliyeikalia. Jumatatu moja, mwaka 2013, bosi wake Mwingereza, Julian, alimwambia meza ingekuwa yake, pamoja na cheo cha msaidizi wa utafiti, kama angemtafutia watu kumi na wawili wa Guinea-Bissau kufikia Ijumaa.

Kulikuwa na matajiri waliotaka kujua kama ni busara kujenga daraja juu ya mto mmoja katika nchi ile, ambako mwaka uliotangulia wanajeshi walikuwa wameipindua serikali katikati ya uchaguzi. Hesabu za saruji na chuma zilikuwa tayari. Ilibaki sura moja tu ya ripoti, maoni ya wananchi, na ofisini hakuna aliyetaka kupanda ndege kwenda kuyatafuta. Julian akasema Doha imejaa Waafrika, Herbert aangalie tu.

Herbert aliangalia. Kufikia Alhamisi alikuwa amepata Waghana wawili na Mnigeria mmoja aliyemcheka mpaka akashika ukuta. Jioni alirudi kwenye fleti yao ya Fereej Bin Mahmoud, watu wanane vyumba viwili, akawakuta Wakenya wenzake wakila ugali na dengu. Aliwahesabu kwa macho, kisha akawaeleza shida yake na kuwaomba wawaite na marafiki zao.

"Kwa hivyo buda, kesho mimi ni Mbissau?" aliuliza Levis, mlinzi wa duka moja kubwa.

"Kesho tu. Kuna pilau."

"Na Kireno je? Si huko ni Kireno?"

"Ukiingia sema *bom dia*. Akikuuliza zaidi, mwambie umekaa sana na Wakenya wakakuharibu."

Ijumaa wakaingia mmoja mmoja. Kila mmoja alisema *bom dia*, Julian akajibu *bom dia*, na huo ukawa ndio mtihani wote. Waliochora mipaka ya Afrika zamani hawakumuuliza mtu. Hawa waliuliza, ila waliuliza yeyote aliyekuwa karibu.

Wote walikuja wakiwa na uongo wao tayari, na kicheko kimewajaa mashavuni. Kisha likaja swali la nne: kura zikipingwa, watu huifanyia nini barabara, huifanyia nini reli? Hapo kicheko kikaisha, maana hakuna aliyehitaji kutunga. Milka, aliyelea watoto wa familia moja ya Doha, alieleza jinsi reli ilivyong'olewa Kibera, Nairobi, baada ya uchaguzi wa kwao, mbele ya macho yake. Levis alieleza malori yaliyochomwa. Mtu wa kumi na mbili alikuwa amekosa ruhusa kazini, basi Herbert akakaa kwenye kiti mwenyewe. Julian alicheka kidogo, akasema dereva wake anaweza kuwasemea Waafrika vizuri kuliko yeyote, kisha akaandika.

Herbert alieleza Januari ya 2008 karibu na Timboroa, mawe yakiwa yamepangwa barabarani, na vijana aliosoma nao wakidai kitambulisho ili walisome jina lake wajue ni wa kabila gani. Walimshusha kwenye lori alilokuwa akisafiria. Jino la mbele lilibaki pale. "Barabara ile baba yangu aliilipia kodi," alisema, "na ndiyo waliyotukamatia. Ukijenga daraja, umewajengea mahali pa kusimama na panga."

Ripoti ikachapishwa Alhamisi iliyofuata. Ilishauri fedha zipelekwe kwingine, kwa kuwa wananchi wenyewe wangeliharibu daraja. Katika ukurasa wa tisa maneno ya Herbert yaliwekwa ndani ya kisanduku cha buluu, na chini yake: mkulima, Guinea-Bissau. Aliyasoma akiwa ndani ya gari na kwanza akaona fahari, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuchapisha neno lake.

Jumamosi alitumwa kuchukua mboga za nyumbani kwa Julian kwenye shamba moja kule Umm Salal, kaskazini mwa jiji. Mtu aliyempakilia makreti alikuwa mweusi, mrefu, mpole. Herbert alimuuliza kwa Kiarabu cha mitaani anatoka wapi. Akajibu: Bissau. Jina lake Braima.

Herbert alikaa juu ya kreti. Alitaka kujua habari za mto ule wa daraja, naye Braima akamweleza. Mama yake alilima korosho ng'ambo ya mto. Mtumbwi uliovusha magunia ulingoja ujae, na ukijaa wanunuzi walikuwa wameshaondoka, au wamebaki wale wa bei ya kutupa. Ndiyo maana yeye alikuwa hapa akichuma nyanya za watu.

Usiku ule Herbert hakulala. Jumapili, akimpeleka Julian hotelini kwenye kikao cha matajiri, alimwambia yote. Julian akauliza ni nani mwingine anajua. Aliposikia ofisini hakuna, akapumua. Akasema hakuna kilichoharibika, mambo ya kule na ya kwao Herbert ni yale yale.

"Ulisema kweli, Herbert. Hilo ndilo muhimu. Kesho uhamie kwenye meza yako."

"Nilisema kweli ya kwetu, bosi."

Kwenye mzunguko wa barabara Herbert alitakiwa kukata kushoto. Akaendelea mbele, kaskazini. Julian alitazama majengo yakipungua.

"Unajua viza yako iko mikononi mwa nani?"

"Najua, bosi. Funga mkanda."

Braima aliwapokea chini ya kivuli cha wavu, mikono ikiwa na tope. Julian alikuwa mwekundu usoni, simu yake ikilia na kukatika. Labda aliona aibu kuondoka bila neno, labda aliogopa kuulizwa alichelewa wapi. Alitoa kalamu. Akaanzia swali la nne, naye Herbert akaligeuza kwa Kiarabu: kura zikipingwa, watu wa kwenu watalifanya nini daraja?

Braima alifikiri akikwangua tope kwenye kidole gumba. Kisha akajibu polepole, na Julian akamtazama dereva wake.

Herbert alijua lile jibu lilikuwa limempokonya meza, na labda tikiti ya kurudishwa nyumbani nayo ilikuwa ndani yake. Ulimi wake ulikuwa umejaa maneno ya Timboroa, kama siku zote. Aliyameza, akayatoa ya Braima kama yalivyokuja, bila kuongeza la kwake:

"Anasema serikali ikipinduliwa wao husikia redioni tu, hata mapinduzi hayajawahi kuuvuka mto ule. Hajui watu watalifanya nini daraja. Hawajawahi kuwa nalo. Anasema mlijenge, halafu mje mmuulize tena."