Mimba ya Konstebo Nerys

Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, barua zilifika kwenye ofisi ya chama cha askari, juu ya duka la mazulia, na Sajini Gwenda Prothero akazichambua akiwa amesimama, kama kawaida yake. Kulikuwa na bili ya umeme, tangazo la viatu, na barua ya tisini na moja kutoka kwa wachunguzi kuhusu Konstebo Nerys Beynon. Barua hizo huja kila baada ya siku ishirini na nane, kwa mujibu wa kanuni.

"Wanasemaje?" Nerys aliuliza akiwa anachemsha chai.

"Uchunguzi unaendelea."

"Haya. Sukari moja au mbili?"

"Kwa barua hii? Mbili."

Nerys alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilikuwa ya miezi mitano siku aliposaini kupokea hati ya tuhuma, miaka saba iliyopita, na tangu hapo haikusogea hata kwa wiki moja. Mkunga humpima kila mwezi, huandika vipimo vilevile, na kumwambia kwamba mtoto ni mzima, moyo unadunda vizuri, ila hana haraka. Mtoto hupiga teke mara moja kwa siku, saa tisa na dakika kumi alasiri, dakika ileile aliyosaini mama yake.

Nyumbani, ua lake la dirishani lina tumba ambalo halijachanua, na jikoni liko bakuli la unga uliokandwa siku ile, umeumuka hadi ukingoni na kutulia hapo. Kilichokuwa kinasubiriwa kilibaki kinasubiriwa, mengine yaliendelea. Huw, mumewe, ameota mvi. Chumba cha mtoto amekipaka rangi mara tatu.

Tuhuma yenyewe ni hii: baada ya mechi ya raga, Nerys alimkamata mlevi mmoja nje ya baa, mlevi akateleza kwenye ngazi akavunjika jino. Kuna picha ya video ya dakika nne. Mlalamikaji alishahamia Kanada, akaoa, akapata watoto watatu, na kila Krismasi humtumia Nerys kadi ya kumtakia heri. Dakika nne za video, miaka saba ya kuzitazama. Ilikuwa dhuluma, na haina jina la kistaarabu zaidi.

Chama kilifanya linalowezekana. Askari polisi wa nchi yao sheria inawakataza kugoma, kwa hiyo silaha ya chama chao ni kalamu na kiti: kalamu ya kuandikia, na kiti cha kukaa kando ya mwanachama anapohojiwa. Anayekaa kwenye kiti hicho sheria humwita rafiki. Gwenda amekuwa rafiki wa Nerys katika mahojiano sita. Alimtafutia wakili. Alimwombea kazi za ofisini, ndiyo maana sasa Nerys anapanga mafaili ya chama. Stoo ya sare ilipodai irudishiwe suruali za wajawazito kwa kuwa hutolewa kwa miezi tisa tu, Gwenda alikata rufaa, akashinda. Huo ndio ulikuwa ushindi mkubwa wa chama mwaka ule.

Aliwaandikia wachunguzi pia, akiomba kesi iharakishwe kwa sababu ya mimba. Wakajibu kwa adabu kwamba mimba ni hali ya muda tu.

"Kuna aya ya pili," Gwenda alisema, akivua miwani. "Mchunguzi amestaafu. Huyu mpya ataanza kusoma jalada mwanzo."

"Wa ngapi huyu?"

"Wa tano."

Nerys aliweka vikombe mezani, akakaa, akalia kwa muda wa dakika mbili hivi. "Mimi sitaki hata waseme sina kosa," alisema. "Nataka kumwona mwanangu sura tu, Gwenda. Sura yake basi." Gwenda alimshika mkono, maana hakuna kifungu cha kanuni kinachojibu hilo. Kisha wakanywa chai, ambayo ilikuwa bado ya moto.

Saa tano aliingia kijana aitwaye Konstebo Ieuan Pask, kofia mkononi, hati ya tuhuma ndani ya bahasha. Alikuwa ameigonga gari ya kikosi kwenye ukuta wa kanisa akimfukuza mwizi.

"Umeshasaini?" Gwenda aliuliza.

"Bado, afande. Wameniambia mwisho saa sita."

"Vizuri. Kabla hujasaini, nyumbani umeacha nini ambacho hakijaisha?"

Siku hizi hilo ndilo swali la kwanza la chama. Sajini mmoja alifunga ndoa asubuhi ndipo akasaini mchana. Mwingine aling'oa kwanza viazi vyake vyote.

Ieuan alizungusha kofia. "Baba yuko hospitali. Daktari kasema hafiki Jumapili."

Chini, mtu alikuwa anakata zulia.

"Ana maumivu?" Gwenda aliuliza.

"Hana. Amelala tu. Nikimsomea matokeo ya raga anatabasamu."

Nerys alifungua kifuniko cha kalamu. "Saini, mdogo wangu."

"Nerys!"

"Nini? Nimedanganya?"

Gwenda alimgeukia kijana, maana rafiki lazima aseme. "Sikiliza, mwanangu. Hutapanda cheo. Hutahamishwa. Ukitaka kuoa, utasubiri. Kila mwezi utapata barua isiyosema kitu."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Muulize huyu."

Ieuan alilitazama tumbo la Nerys, kisha akaichukua kalamu. "Wapi?"

"Hapa na hapa," Nerys alisema. "Na saa uandike. Saa ya kweli."

Aliandika saa tano na dakika ishirini.

Jumapili hospitali ilipiga simu kusema hali ya mzee haijabadilika. Jumatatu Ieuan alileta keki ya zabibu kavu aliyooka mama yake, akamwomba Gwenda, kwa sauti ya chini, kama chama kinaweza kuwaandikia wachunguzi kwamba kwa upande wake hakuna haraka yoyote. Hajawahi kutokea mwanachama wa namna hiyo. Gwenda alikata keki vipande vitatu, akakaa, akaandika barua mbili: moja ya kuomba kesi ya Beynon iharakishwe, nyingine ya kuomba kesi ya Pask isiharakishwe.

Majibu yote mawili yalikuja kwa pamoja, kwenye bahasha mbili. Yalikuwa sawa neno kwa neno, isipokuwa jina. Nerys aliyatoboa matundu, akatazama saa ya ukutani, ikiwa saa tisa na dakika tisa, akaweka mkono tumboni na kusubiri. Teke lilipokuja, aliyatia majibu kwenye mafaili mawili, la kwake na la Ieuan, akaenda kuosha vikombe.