Vidole vya Onesphore

Kwa wiki tatu Consolée aliishi na mwizi wa miwa, au ndivyo alivyoamini. Mwizi mwenyewe alikuwa mume wake wa miaka arobaini na moja, Onesphore, mkulima wa mpunga hapo Kiringye, mtu ambaye hata kwenye karata hakuweza kudanganya. Lakini mashine ilikuwa imesema, na Consolée aliiamini mashine.

Mashine hiyo ilienea kiganjani. Zamani, kupima sukari ya Onesphore kulimaanisha kupanda pikipiki hadi Uvira, kutolewa damu kwa sindano na kusubiri majibu siku mbili. Sasa Josée, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja nyumbani asubuhi kabla mzee hajala. Alichoma kidole, akagusisha tone kwenye kikadi cha plastiki chenye mfereji mwembamba kuliko unywele, na damu ikajivuta ndani yenyewe. Kabla hamjamaliza kuulizana habari za nyumbani, namba imeshatokea. Siku ya kwanza Consolée alikisifu kile kikadi kama mjukuu.

Kisha miwa ya bondeni ikakomaa, na namba zikaanza kupanda. Mia tatu na kumi. Mia tatu sitini. Na mzee alichomwa insulini yake kila asubuhi, na chai alikunywa bila sukari.

Hapo Consolée akafanya hesabu yake. Yeye meno yalikuwa yamemtoka karibu yote, ila hamu ya muwa ilibaki palepale. Kwa hiyo kila alfajiri Onesphore aliketi barazani, akamenya muwa, akaukata vipande vidogo na kuviponda kwa mchi ili mkewe afyonze kwa ufizi. Sahani ikijaa aliifunika, akapangusa mikono kwenye suruali, akamngojea Josée. Consolée aliona jibu moja tu: mkataji anaonja.

"Baba Belyse," alimwambia, maana Belyse ni kifungua mimba wao, "weye unaonjaka."

"Hata kimoja."

"Mashini iko inasema unaonjaka."

"Basi uolewe na mashini."

Alinuna, na kesho yake akakata miwa kama kawaida. Jambo hilo lilimkera Consolée zaidi.

Msimdhanie kuwa mwanamke mgomvi. Aliogopa, basi. Mwaka uliopita insulini ilizidi, sukari ya Onesphore ikashuka ghafla, akaanguka shambani akitetemeka, asimtambue mtu. Consolée alikipakata kichwa chake matopeni mpaka jirani akaleta maji ya sukari. Alimpenda yule mzee kupita kiasi, na kwa bahati mbaya mapenzi yake yalizoea kutoka mdomoni kama matusi.

Ijumaa Josée alileta habari. "Mama, docteur amesema kwa telefone. Jumatatu kama iko tena juu, insulini tunatoka kwa ishirini, tunafika thelathini."

Jumatatu Consolée alimlinda mumewe tangu alipofumbua macho. Hata chooni alimsindikiza hadi mlangoni. Akaketi mbele yake barazani, akamtazama akikata vipande kumi na viwili, na mdomo wa mzee haukufunguka hata kupiga mluzi.

Josée alifika, akasalimu kwa heshima, akafuta kidole cha mzee kwa pamba yenye alkoholi, akachoma. Mia tatu themanini na nane. Akatoa sindano ya insulini.

"Ngoja," alisema Consolée. "Hakula kitu. Nilikuwa namuangalia."

"Mama, mashini haina kinyongo na muntu."

"Na minye siko na macho?"

Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu: akamshika mumewe mkono. Vidole vyao vikagandana. Alipojaribu kuchomoa vyake aliona sisimizi wawili wanatembea kwenye gumba la mzee bila haraka.

"Josée, mushike mukono."

Josée akaushika, na vidole vyake navyo vikanata. Kwenye mafunzo kule Uvira jambo la kwanza walilofundishwa lilikuwa hilo: mgonjwa anawe kwanza kwa maji na sabuni. Lakini ni mtoto gani aliyelelewa vizuri atamwambia mzee wa rika la baba yake aende kunawa kabla hajamgusa? Josée alikuwa amelelewa vizuri sana. Maneno hayo yalimkwama kooni wiki tatu, akajitegemeza kwenye pamba.

"Nilisikia haya kukuambia unawe, Papa," alisema akitazama chini. "Pamba haimalizi sukari ya muwa. Mashini ilikuwa inapima kidole."

Consolée alishaleta beseni. Alimnawisha mumewe kidole kimoja kimoja, akasugua hadi chini ya kucha, kama alivyomnawisha Belyse alipokuwa mchanga. Josée akachoma kidole kingine. Mia moja thelathini na moja. Alikaa kitako kwenye mkeka kwanza, kisha akavuta ishirini zilezile za kila siku, akazihesabu mara mbili. Hakuna aliyeitaja ile thelathini.

Josée alipokwisha kuondoka, Consolée alibaki na sahani mapajani, haigusi.

"Baba Belyse, nilikuonea. Unisamehe."

"Imeisha."

"Lakini juu ya nini haukuacha kukata? Nilikuita mwizi kila siku. Ungeacha, ningenyamaza."

Onesphore alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Na weye ungekula nini?"

Consolée alimshika mkono, akatia kipande mdomoni, akakifyonza polepole huku machozi yakimtoka. Josée alikuwa bado njiani na angeweza kugeuka awaone, lakini Consolée hakuuachia mkono wa mumewe.