Pua Kutoka Nyuma ya Televisheni

Bariadi nzima hapakuwa na mtu aliyezijua picha za video kumshinda Bibi Nyamizi. Alikuwa ameona mbili, na ya kwanza aliitazama kutoka nyuma ya televisheni, maana ukikaa nyuma hulipi kiingilio.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara, kwenye mabasi vinashuka vitu vingi kuliko watu. Method alifungua kibanda cha video karibu na ghala la pamba, na balozi wa nyumba kumi akamteua bibi awe anaonja kila picha kabla ya watoto. Kwa umri wake, balozi alisema, hana tena pa kuharibikia.

Picha ya pili ilikuwa ya mama mmoja wa Ulaya aliyeichukia pua yake. Alijitazama kwenye kioo asubuhi hadi jioni, akaacha kula, akaacha kuongea na mumewe, mwisho akalala mezani daktari akaikata. Ikadondoka nyuma ya televisheni, ndani ya karai. Bibi Nyamizi akaiokota. Ilikuwa ndefu, nyembamba, yenye kidoadoa ubavuni, na bado ina joto.

"Hiyo ya nne, bibi," Method alisema. "Kila nikirudisha mkanda inatoka nyingine. Nizitupe?"

"Tupa, ila mbwa wasizione."

Akaamuru kiandikwe kibao: WATOTO WASIINGIE BILA MZAZI. Hapo ndipo alipokosea. Wazazi walikuja kwa wingi, wengine na watoto wa kuazima, na kila mmoja ana kitambaa mkononi cha kufungia pua. Pua aliyoikataa yule mama ilikaa vizuri juu ya pua ya Kisukuma, kama kofia, ukiipaka gundi ya kuzibia matairi ya baiskeli. Na kwa kuwa ilikuwa nyeupe, uso nao ukatakiwa kuifuata, kwa hiyo Method akaanza kuuza na krimu. Jumapili kanisani nusu ya waumini walikuwa na kidoadoa kilekile. Padri akawarudisha watatu, akidhani wameshapokea komunyo.

Aliyeitazama picha hadi mwisho alikuwa Esteria peke yake, mjukuu wa bibi. Wengine waliondoka pua ilipodondoka. Mwishoni yule mama alisimama mbele ya kioo akapiga hodi, na hakuna aliyemkaribisha.

Esteria alikuwa mweusi wa kung'aa, mwenye pua ya bibi yake, na Jumamosi wazee wa kijiji cha Mwamapalala walikuwa wanakuja kuongea mahari. Baba yake, Athanasi, akamletea pua ndani ya kasha la kiberiti, na kopo la krimu.

"Mweupe anaolewa kwa ng'ombe ishirini," alisema. "Weusi huu niufanyie nini?"

"Muulize mama yako, baba. Umetoka kwake."

"Hata wewe unapumulia pua yangu," bibi alimwambia mwanawe. "Kama haikufai, irudishe."

Jumamosi Esteria alitoka na uso wake. Akapiga magoti, akasalimia, akawawekea wageni maziwa. Mzee Masunga, baba wa kijana, alikuwa amekuja kwa baiskeli akiwa na pua yenye kidoadoa. Kwa heshima hakuna aliyeitazama. Yeye alimtazama Esteria muda mrefu.

"Nane," akasema.

Athanasi aliangalia sakafu.

"Yule mweupe wa Kasoli mlimtolea ishirini," Bibi Nyamizi alisema.

"Mayu, mama yangu, sisi hatuangalii rangi wala sura. Tunaangalia tabia. Na mambo ya video kwetu bado hayajafika."

Bibi akatikisa kichwa kukubali, akamsogezea kikopo chake cha ugoro, ule anaousaga mwenyewe. Masunga akavuta kwa tundu la kwanza la pua, akavuta kwa la pili. Akapiga chafya. Akapiga nyingine. Ya tatu ikaing'oa pua, ikaruka, ikatua kwenye bakuli lake la maziwa, ikaelea, kidoadoa kikiwa juu.

Esteria akaleta kijiko, akampa kwa mikono miwili. Mzee akaiopoa, akaipangusa kwa kofia, akaibandika.

"Ni mafua tu haya," alisema. "Ng'ombe ni nane."