Milango ya Awamu ya Pili

Hilaria alitapika nyuma ya choo, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kisha akaokota tepu iliyomponyoka kwenye majani. Mate yalikuwa machungu. Kwenye kivuli cha gari, Telesphor alikuwa amejiziba pua kwa leso.

"Umepata upana?" aliuliza kutoka kulekule.

"Bado, bosi."

"Rudi basi. Mchoro hautaki kukisia."

Telesphor alikuwa msanifu majengo mwenye ofisi ghorofani, karibu na soko, Mpanda mjini. Hilaria, mzaliwa wa Usevya na mwanafunzi wa usanifu, alikuwa kwake kwa mafunzo ya vitendo. Chuo kilimtaka ajifunze kupima, kuchora kwa mkono na kutengeneza modeli. Siku hiyo walikuwa kwenye shule moja ya sekondari nje ya mji, iliyokuwa ikisubiri kujengwa upya. Telesphor alijipimia jengo la utawala. Vyoo vya wasichana akamwachia yeye.

Alivuta pumzi, akaingia. Sakafu ilikuwa na unyevu mweusi ulionata kwenye soli. Funza walikuwa wakipanda ukingo wa tundu, weupe, wanene, hawana haraka. Nzi walimtua midomoni. Vyumba havikuwa na milango, zilibaki bawaba zenye kutu, na yeyote aliyechuchumaa mle alitazamana na uwanja wa mpira. Alichora upesiupesi, penseli ikimteleza kwa jasho. Alikumbuka sekondari aliyosoma yeye, jinsi walivyokuwa hawanywi maji tangu asubuhi ili wasilazimike kwenda. Akili ilikuwa imeshayaacha hayo. Tumbo halikuwa limeyaacha.

Ofisini Telesphor alikuwa mwalimu mzuri, hilo hakuweza kumnyima. Alimwonyesha namna ya kukata karatasi ngumu. "Usikandamize kisu. Pitisha kidogo, rudia, rudia. Ukilazimisha, ukingo unachanika." Alimfundisha kuweka gundi kwa ncha ya kijiti, kukata sponji na kuipaka kijani mpaka iwe miti, na kuinama hadi jicho liwe sawa na meza. "Hakuna mtu anayeishi angani. Iangalie modeli kama mtu anayetembea humo ndani."

Jengo la utawala la karatasi likasimama mezani, matao yake yakiwa yamenyooka vizuri. Kisha Hilaria akafika kwenye vyoo vipya. Aliigeuza ramani huku na huku.

"Bosi, vyoo bado vinatazama uwanjani. Na milango siioni."

"Mashimo yanakaa nyuma, hakuna pa kuvigeuzia. Milango ni awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

Telesphor aliendelea kuchonga penseli. "Kwenye modeli wewe iweke. Bodi wanapenda kuona kitu kilichokamilika."

Alikata milango. Ilitoka midogo, ya buluu, kingo safi kabisa. Aliuweka mmoja kiganjani, na kile kichefuchefu cha shuleni kikampanda tena, kikali kuliko mwanzo. Kule kulikuwa na kinyesi. Hapa palikuwa pasafi, pananukia gundi, na mikono iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa ya kwake. Aliikusanya milango yote akaitupa kwenye pipa la taka. Kisha akakata wasichana wa karatasi, akawakunja magoti, akambandika mmoja katika kila chumba.

Kesho yake bodi ya shule ikaja ofisini. Chai na sambusa viliwekwa mezani pembeni ya modeli. Mwenyekiti, Mzee Masunga, mfugaji aliyehamia Katavi kutoka Usukumani akiwa kijana, alikunywa chai yake huku wenzake wakisifu matao. Mara mmoja wao akaacha kutafuna.

"Hivi ni vitu gani? Viondoeni, watu tunakula hapa."

"Uchafu huu," mwingine alisema, akiivuta sahani yake. "Nani kaweka?"

Hilaria aliwatazama, midomo ikiwameremeta mafuta, nyuso zimejikunja kwa ajili ya karatasi isiyo na harufu. Walimtia kinyaa.

"Ni mimi," alisema.

"Ni mwanafunzi huyu, bado anajifunza," Telesphor alidakia. "Milango ipo, iko awamu ya pili." Akamwinamia. "Umeniaibisha, binti."

Hilaria alimgeukia mwenyekiti. "Mzee, naomba uiname hapa. Jicho lako liwe pale uwanjani."

Masunga alivua kofia. Aliinama taratibu, akalaza shavu juu ya meza, akatulia hivyo mpaka wenzake wote wakaweka vikombe chini.

"Nyie," alisema bila kuinuka, "kati yetu nani amewahi kuingia kule?"

Aliinuka, kofia ikiwa bado mkononi.

"Basi twendeni."

Shuleni wanabodi waliishia mbali, wakiinua viatu kukwepa majimaji. Telesphor alitoa leso yake. Masunga peke yake ndiye aliyeingia, na koti lake la vikao mwilini, na mle ndani alisikika akikohoa, akitema, akikohoa tena.

"Binti," aliita, "nenda pale golini. Uniambie unaona nini."

Hilaria alikwenda. Wavulana waliokuwa wakicheza walisimama, mpira ukabingirika wenyewe. Alipogeuka, mzee alikuwa amechuchumaa. Aliona magoti yaliyochongoka, kichwa cheupe, mkono ukipunga nzi. Aliona vyote. Alifungua mdomo, akakosa namna ya kumpigia mzee kelele za jambo kama lile, uwanja mzima ukisikia.

Wasichana wawili walitokea upande wa madarasa. Walipoona kuna mtu mzima ndani, walisita. Mmoja wao hakuuliza kitu. Alivua sweta lake, akalitandaza mlangoni kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, kama jambo alilolizoea.

"Unaona nini?" sauti ya Masunga ilitoka nyuma ya sweta.

Upepo ulilipuliza likajaa, likalegea, likajaa tena.