Muuzaji Asiyenyamaza

Nimeuziwa vitu na waongo wa kila aina, na sina kinyongo nao. Enzi zangu za relini nilinunua saa kwa mtu aliyeniapia kwamba haijawahi kuchelewa, na kweli haikuchelewa, maana ilikuwa haitembei kabisa. Mwongo unamzoea. Akisema gari limetembea kidogo, unazidisha mara tatu. Akisema injini haijawahi kufunguliwa, unatafuta alama za spana. Ukishamaliza hesabu zako mnaelewana, mnakunywa soda, kila mtu anaenda kwake. Lakini Habibu, yule kijana wa Kondoa aliyekuwa akiuza magari madogo pale Tunduma nyuma ya kituo cha mafuta, alinipandisha presha kwa njia ambayo sikuwa nimejiandaa nayo.

Gari nilikuwa nalitaka kwa ajili ya mke wangu, Loisi. Tangu aanguke kisimani, nyonga yake ilikuwa imekataa kupanda kitu chochote kilichozidi magoti. Kanisa letu ni Mbozi Mission, na Loisi ameimba sauti ya pili kwenye kwaya ya pale tangu akiwa binti. Kuingia kwenye haisi ilibidi kondakta asukume kwa nyuma na mimi nivute kwa mbele, mpaka siku moja akasema, "Baba Yunisi, mimi si gunia la viazi. Sibebwi tena." Teksi tulikodi Jumapili mbili, ya tatu mfuko ukasema amina. Akakaa nyumbani, anaimba jikoni sauti ya pili bila ya kwanza. Kama hujawahi kulisikia jambo hilo, mshukuru Mungu. Hata kuku walikuwa wanahama.

Sasa Jumamosi moja ya mwaka 2012 kulikuwa na tamasha la kwaya, nami nilishamwahidi kwamba atafika, na atashuka kwenye gari letu kwa miguu yake mwenyewe. Nilikuwa nimeahirisha kununua hadi asubuhi ya siku yenyewe, nikiamini muuzaji akiona una haraka kidogo naye anaingiwa na haraka. Tukaenda kwa Habibu, Loisi akiwa tayari amevaa sare ya kwaya.

Gari lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa ya mgando, aina ile inayoishia ghafla nyuma kana kwamba aliyelichora aliishiwa wino, na mlango wa tano unaofunguka kwenda juu. Kabla sijapiga hata teke tairi moja, Loisi alifungua mlango wa mbele, akageuka, akakaa, akavuta miguu ndani mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemshika. Akafunga mkanda.

"Hili," akasema.

Nikajua bei imeshaniponyoka. Muuzaji yeyote mwenye akili angepandisha hapo hapo. Habibu akakunja uso.

"Mama, subiri kwanza. Mzee Enoka, sijakutajia kasoro zake."

"Nitaziona mwenyewe, mwanangu. Macho ninayo."

"Hapana, mzee. Kwetu mwenye mali ndiye anayesema. Nikikuficha, hela yako itakuwa sumu nyumbani kwangu."

Akanipeleka nyuma. Akainua ule mlango wa tano, akauachia ili nione, nao ukashuka ukampiga kichwani. "Umeona? Zile fimbo mbili za kuushikilia zimekufa. Utumie huu mti wa fagio." Kisha akafunua zulia. Chini ya tairi la akiba palikuwa na maji, na kando yake bati limeliwa na kutu hadi nikaona kokoto za uani. "Mwenye gari wa kwanza alikuwa anapakia chumvi ya Ivuna humu. Chumvi na bati, unajua mwenyewe. Na mpira wa mlango huu umechoka, mvua ikinyesha inaingia."

"Sawa. Kadi ya gari iko wapi?"

"Bado. Asubuhi likiamka linatoa moshi wa bluu. Linakula oili. Leo huuoni kwa sababu nililiwasha mapema. Nisingesema, usingejua."

"Ndiyo maana nakuomba usiseme!"

"Na hii namba ya kilomita imerudishwa nyuma. Si mimi, nimeikuta hivyo. Ukikata kona yote kushoto, gurudumu linalia ka-ka-ka. Na gia ya tatu inachomoka mlimani, uishikilie kwa mkono."

"Habibu, mke wangu ana tamasha."

"Ndiyo, mzee. Shokapu za nyuma..."

Hapo ndipo nilipomwona Mzambia. Alikuwa amesimama nyuma yangu, koti la ngozi, mkono mmoja kiunoni, analitazama gari letu, kisha anamtazama Habibu, kisha gari. "Mulishani mukwai," akanisalimia kwa adabu, na adabu yake ikanitia wasiwasi zaidi. Nikafumbuka macho. Tunduma, mtu akiponda bidhaa yake mwenyewe mbele yako, ujue nyuma yako kuna mtu ameongeza dau. Kumbe kijana anataka nikimbie mwenyewe! Loisi naye kutoka ndani ya gari akagonga kioo, "Baba Yunisi, mnafanya nini huko? Mnaliombea?"

Nikambandika Habibu hela mkononi, nikachukua kadi na ufunguo.

"Mzee, imebaki moja, na hiyo ndiyo kubwa..."

"Hiyo iweke akiba!"

Nikawasha, nikapiga honi ili nisimsikie. Tulipokuwa tunatoka getini nilimsikia yule Mzambia akimuuliza Ashraf, mdogo wake Habibu, choo kiko upande gani.

Barabarani nilijiona mjanja kuliko wote niliowahi kukutana nao, nami nimekutana na wengi. Loisi alikuwa anajaribu sauti taratibu. Nikamwonyesha mshale wa joto. "Unauona? Umetulia katikati kama mzee wa kanisa. Gari zima hili. Yule alitaka kutuchezea."

"Baba Yunisi, kuna harufu."

"Ni malori."

"Malori yako mbele. Harufu iko miguuni kwangu."

"Mshale uko katikati, mama."

"Zima."

Ukimsikia Loisi anasema neno moja, unatii. Nikazima, tukaserereka mpaka pembeni, pale Mpemba, na boneti likaanza kutoa mvuke. Nasema mvuke, lakini ulikuwa ni wingu. Watu walitoka madukani wakidhani mvua imewahi mwaka ule, na mama mmoja alianua nguo, nilimwona kwa macho yangu. Mshale wa joto ulikuwa bado katikati.

"Muulize mshale," Loisi akasema, "tutafika saa ngapi."

Dereva wa lori akasimama, akatuonea huruma, akasema atatubeba. Loisi akaangalia ngazi ya lori lile, ambayo mimi mwenyewe ningeiomba likizo kabla ya kuipanda, akatikisa kichwa. Lori likaenda. Akafungua mlango, akageukia nje, akaikunjua kola ya sare yake iliyokuwa imejikunja, kisha akaacha, kana kwamba ameona haina tena kazi. Heri angenigombeza.

Ndipo ikaja bodaboda, na nyuma yake Habibu, amekumbatia dumu la maji.

"Mshale wa joto mwongo!" alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama. "Haubanduki katikati hata gari liungue! Ndiyo niliyotaka kukuambia!"

"Si ungepaza sauti!"

"Nilipaza. Ukapiga honi." Akashuka, akamlipa bodaboda, akatazama chini ya injini. "Na bomba la chini la rejeta linavuja. Kibano kipya ninacho mfukoni tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi? Kwa nini hukukifunga?"

"Nilitaka kwanza uone linavyovuja, mzee. Ningekifunga ungejuaje?"

Nilitafuta kitu cha kumpiga nacho, nikaona mti wa fagio tu, nao ulikuwa wangu nimeununua. Akasema injini ipoe kwanza, maji baridi yakiingia kwenye hedi, kile kichwa cha injini, ikiwa bado ya moto tutaipasua. Ilipokuwa ikipoa adhuhuri ikaingia, akatawadha kwa maji ya dumu, akatandika koti lake, akaswali. Nikazunguka gari. Loisi akaniambia nitulie, kwamba mmoja wetu angalau anamwomba Mungu.

Kibano kikafungwa, maji yakajazwa, injini ikakubali. Habibu akakaa kwenye usukani, maana yeye ndiye aliyejua mahali pa kusimama na kulisikiliza, na akawa anasimama kila baada ya mlima. Mimi nilikaa nyuma nimekunja magoti mpaka masikioni, nashikilia mlango wa tano, ambao kumbe na komeo lake halikamati, usifunguke. Loisi hakuimba. Alikuwa anatazama barabara na kusukuma sakafu kwa mguu wake mzima, kama anayeongeza mafuta.

Mbozi Mission tuliwakuta wenzake wameshapanga mstari nje ya mlango, kwaya ya Vwawa inamalizia ndani. Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akasimama. Mwenzake mmoja, Ferista, alikimbia kumshika mkono. "Niache," Loisi akasema, "nimekuja na gari." Wakaingia.

Mimi na Habibu tukabaki kwenye benchi la ukutani, chini ya dirisha.

"Mzee, hela yako hii hapa. Uliondoka hujasikia yote, kwa hiyo mimi siihesabu kama nimeuza. Ukitaka kurudisha, nawapeleka nyumbani nalichukua."

Nilisimama kuchungulia dirishani. Loisi alikuwa mstari wa pili, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Sauti ya kwanza ikaanza, nikahesabu moyoni, na ya pili ikaingia chini yake, nikaisikia yake. Sikiliza, mimi si mtu wa kulia. Ule ulikuwa mvuke wa rejeta ulioniganda usoni.

"Sirudishi," nikasema.

"Basi lazima usikie zote."

"Habibu, kwaya inaimba!"

Akanyamaza, akainamisha kichwa akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Watu wakapiga makofi. Akasogea karibu yangu kwenye benchi.

"Sasa, mzee. Wipa ya nyuma."