Beringi Zilizooshwa

Mdogo wangu Lyle ni mtu wa kung'arisha vitu. Kila Jumapili jioni, tukishashuka mlimani, yeye haendi nyumbani. Anakwenda kupanga foleni na wenzake kwenye kituo cha kuoshea magari pale mjini, anatumbukiza sarafu na kuipiga pikipiki yake maji ya moto kwa presha ya kuchubua rangi. Wanaume wa mji wetu karibu wote ndivyo walivyo. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hurukia pikipiki zikiwa zimepakiwa nyuma ya gari, nao hawapati usingizi mpaka waitoe. Husimama pale na kahawa mkononi, wanasifiana. Mimi huwapita na pikipiki yangu chafu, nao hunipigia honi.

“Dada Verla, hiyo umeifukua wapi?” Lyle huniuliza mbele ya watu.

“Nimeifukua unakozika beringi zako,” humjibu.

Pikipiki zetu za theluji hazina magurudumu ya kawaida. Mbele tunafunga ski moja, ubao wa kutelezea, nyuma mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na shafti na kupita juu ya vigurudumu vidogo. Kila kinachozunguka humo kina beringi yake. Theluji haiui beringi. Maji ya presha ndiyo yanayoua: yanapenya kwenye sili, ule mpira unaoziba beringi, yanaifukuza grisi, kisha yanakaa humo yakisubiri baridi. Mimi yangu naipiga brashi, naiacha ikauke gereji, halafu nazungusha kila kigurudumu kwa kidole huku nasikiliza. Nimemwambia Lyle haya mpaka ulimi umeota sugu. Yeye hununua beringi mpya kama watu wanunuavyo mkate. Anabadilisha za vigurudumu vya nyuma kwa sababu ni rahisi kufikia, na ile ya shafti, iliyojificha ndani, haigusi. Anasema haionekani, basi haichafuki.

Jumamosi moja ya Februari tulishuka wawili kwenye bonde la Kijito cha Marten, ambalo sisi tunaliita Shimo. Kulishuka ni raha tupu, theluji mpya mpaka kiunoni. Kutoka kuna mteremko mmoja tu, mwembamba, katikati ya miamba, na lazima uupande kwa mwendo mmoja bila kusimama. Kutembea kwa miguu usifikirie. Unazama kifuani, na ukiutikisa sana mteremko huo unaweza kukuangukia wote.

Lyle alikuwa mbele yangu, anavuka kijito juu ya daraja la theluji iliyoganda juu ya maji, niliposikia harufu ya mpira unaoungua. Mkanda wake ukakwama ghafla. Pikipiki ikasimama katikati, nyuma ikadidimia, naye kwa kuogopa kuipoteza akaruka chini kuisukuma. Daraja likakatika. Alizama kwenye maji mpaka mapajani.

“Toka humo!” nilipiga kelele. “Iache hiyo takataka utoke!”

“Siiachi! Shika ski uvute!”

Tukaivuta, tukatukanana, tukaivuta tena mpaka ikapanda ukingoni. Suruali yake ilikuwa imeanza kukakamaa kwa barafu, inalia akikunja goti. Baridi siku hiyo ilikuwa ya kushika pua. Nilimpa soksi zangu za akiba, lakini buti zilikuwa zimejaa maji, na soksi kavu ndani ya buti mbichi hazifiki mbali.

Nikatuma ujumbe kwa kifaa cha setilaiti. Waokoaji wakajibu upesi, kwa adabu: mawingu yameshuka, helikopta hairuki, wataleta watu asubuhi. Nikamsomea. Akatazama miguu yake.

“Asubuhi ni mbali, dada.”

“Najua.”

Huyo alikuwa mdogo wangu wa pekee, na kama angelala humo na miguu ile, angetoka bila vidole, au asingetoka kabisa. Sikuwaza kitu kingine tangu hapo.

Nikafungua ubavu wa mkanda wake. Beringi ya shafti ilikuwa imekufa zamani. Gololi zimekauka, zimevunjika, na maji mekundu ya kutu yamegandia palipokuwa na grisi. Joto lilikuwa limeishikamanisha na shafti yenyewe.

“Labda ikipoa itazunguka,” Lyle alisema.

“Labda ukiiimbia.”

Basi ikabaki yangu. Kabla ya kupanda nikailaza kwa ubavu nikazungusha vigurudumu kwa kidole, kama kawaida yangu. Vile viwili vya nyuma, vinavyobeba mzigo wote wakati wa kupanda, vilikuwa vinasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Sikuamini. Nikachokonoa sili kwa ncha ya kisu. Grisi ilikuwa ya kijivu, imechanganyika na maji, imelainika kama uji.

“Haiwezekani,” nilisema. “Hii haijawahi kuoshwa.”

Nikainua kichwa nikamwona Lyle anakwangua barafu kwenye glavu yake, anaikwangua kwa bidii kweli.

“Lyle.”

“Wiki iliyopita ulipokuwa kwa mama, anaumwa,” alisema. “Niliichukua gereji kwako.”

“Uliniambia umeifuta kwa kitambaa.”

“Kitambaa kilikuwepo. Mwishoni.” Akaendelea kukwangua. “Ulikuwa umechoka sana, dada. Usiku na mchana uko na mama, mimi naleta supu na kuondoka. Nikataka ukirudi ukute kitu kimoja kizuri. Niliiosha kila kona. Nilitumia saa nzima.”

Nilikumbuka nilivyoikuta safi nikamshukuru. Nilikuwa hoi kiasi kwamba tangu hapo sikuwa nimezungusha hata kigurudumu kimoja.

Hasira iliyonipanda sijui niieleze vipi. Nilimwita kila jina ninalolijua, na mengine nikayatunga. Nikamwambia ametuua kwa sabuni. Kuta za lile Shimo zilikuwa zimetuzunguka kila upande, wingu limeketi juu yake, na mimi nimefungiwa ndani na mtu huyu aliyeharibu mashine zote mbili, moja kwa uzembe na nyingine kwa kunipenda. Hata pa kwenda kununa hapakuwepo. Nilipiga hatua mbili nikazama kiunoni, ikabidi anivute.

Ndipo nikakumbuka beringi zake anazonunua kama mkate. “Vigurudumu vyako vya nyuma umefunga beringi mpya lini?”

“Jumanne. Sijaosha tangu Jumanne,” akasema haraka.

Nikavizungusha. Vilikuwa kimya kabisa. Mikanda yetu ni ya aina moja, kwa hiyo ilikuwa kazi ya kufungua boliti za ekseli na kubadilishana vigurudumu vizima. Kwenye benchi la gereji ni kazi ya kunywa kahawa. Pale tulivua glavu kwa zamu, mmoja anafungua, mwenzake anapasha vidole makwapani. Boliti moja iliniangukia kwenye theluji, tukaitafuta tukiwa tumepiga magoti, tunapepeta theluji kwa viganja. Lyle ndiye aliyeipata. Kufikia hapo alikuwa ameacha kutetemeka miguu, na hilo lilinitisha kuliko kutetemeka.

Mashine ikawa moja. Ule mteremko haubebi watu wawili.

“Panda,” nilimwambia. “Ukifika juu kuna njia iliyoshindiliwa mpaka kwenye magari. Usisimame popote. Washa hita ya gari, vua buti, piga simu.”

“Na wewe?”

“Mimi ni mkavu. Nina koleo, nina mshumaa, nina soseji ya nyama ya paa. Nitachimba pango nilale kama dubu.”

“Tumeingia wawili, tunatoka wawili. Hiyo ndiyo sheria, wewe mwenyewe ulinifundisha.”

“Sheria hiyo niliiweka mimi, na sasa naivunja mimi. Panda!”

Alipanda, lakini hakuwasha injini. Aliinamia usukani.

“Sema kwanza umenisamehe.”

Nilimtazama. Barafu imemganda kwenye kope, midomo imepauka. Namjua huyu mtu tangu alipokuwa hajui kufunga kamba za viatu. Nikimlainikia neno moja tu, angeshuka, angeniambia tutabanana pangoni mpaka asubuhi, na mimi ningemkubalia, kwa sababu nilikuwa naogopa kubaki peke yangu kuliko nilivyotaka ajue.

“Nikukute kesho uniulize,” nilisema. “Ondoka mbele yangu.”

Akawasha. Akazunguka mara moja kupata kasi, akaupiga ule mteremko. Mimi sikutazama, nilisikiliza. Nilisikiliza vigurudumu vyake vikibeba uzito wote pale penye miamba, nikisubiri ule mlio wa chuma kinachosaga, na haukuja. Injini ilipanda, ikapanda, ikafika juu.

Kisha ikazimika.

Nikainua macho nikamwona, mdogo kabisa, amesimama ukingoni karibu na pikipiki. Ameizima yeye mwenyewe. Bonde lile linabeba sauti vizuri mno.

“Dada!” aliita. “Nimefika! Sema basi! Sema, ama nashuka!”

Alisimama juu pale na ile miguu yake iliyokwisha kuacha kuuma, ananisubiri. Najua angeshuka. Angeshuka akicheka.

“Sijakusamehe!” nilipaza sauti mpaka koo likachanika. “Sitakusamehe! Sitaki kukuona! Nenda!”

Halafu injini ikawaka, ikaenda zake upande wa pili wa mlima, na nikaifuata kwa masikio mpaka nisiisikie tena.

Niliketi juu ya pikipiki yake, safi kama sahani, nikalia kwa nguvu. Nilikuwa nimeshamsamehe tangu pale aliposema ameiosha saa nzima.