Jangwa la Junior

Fizi na Baraka hakuna jangwa. Hata aliyeishia darasa la nne analijua hilo: juu kuna milima, chini kuna ziwa Tanganyika, na katikati kuna mihogo. Lakini Junior, kijana aliyelelewa Nairobi kwa mjomba wake na kurudi Baraka mwaka jana tu, alikuwa na simu kubwa, na ndani ya simu hiyo kulikuwa na Wazungu wenye kofia ngumu wakiteremka kwa baiskeli katika jangwa lenye miamba myekundu. Akaitazama simu. Akautazama mlima wa Kabumbe nyuma ya mji, ambao mwezi wa nane nyasi zake huwa zimeungua zote na vumbi lake linamfika mtu kwenye vifundo vya miguu. Akasema, "Tofauti iko wapi?"

Tofauti ilikuwepo, tena kubwa, ila nani atabishana na mtu mwenye filimbi? Katika wiki mbili Junior alikuwa ameshachagua njia ya mashindano kutoka kileleni hadi uwanja wa mpira, na kutangaza zawadi: baiskeli mpya ya milimani, rangi ya chungwa, gia ishirini na moja, iliyovushwa ziwa kutoka Kigoma ikiwa imefungwa nailoni hata kwenye pedali.

Gentille alipoiona baiskeli ile, usingizi ulimwisha. Si kwamba alipenda michezo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mchukuzi wa mihogo kutoka mashamba ya Fizi hadi soko la Baraka, na kwa miaka minne alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa baiskeli ya mdogo wake, Eddy. Ilikuwa chuma cheusi, kizito, chenye keria iliyochomelewa kwa nondo, na ilibeba magunia mawili bila kulalamika. Kabla ya hapo Gentille alibeba kwa kitunga mgongoni, kamba ikimpita kwenye paji la uso, kama mama yake na bibi yake. Alama ya kamba ile ndiyo kwanza ilikuwa imefutika. Sasa Eddy alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu anakwenda Misisi kujaribu bahati yake kwenye dhahabu, na baiskeli anaondoka nayo.

"Eddy, we utapanda kinga mpaka Misisi?" Gentille alimuuliza, kinga ikiwa ndiyo baiskeli kwa lugha ya kwao. "We mwenye kuchoka ukienda tu choo?"

"Yaya, kule Misisi mwanaume hana kinga, bantu banamuona bure," Eddy alimjibu dada yake huku akijipaka mafuta. Eddy hakupenda jasho, lakini kuonekana alikupenda kuliko chakula.

Basi hesabu ilikuwa fupi. Gentille asipoipata baiskeli ya chungwa Jumamosi, Jumanne kamba inarudi kichwani. Akaenda kujiandikisha, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na saba.

Wanaume walicheka, bila shaka. Aliyecheka zaidi ni Nasoro, kijana wa ukoo wa wenye maboti, mwenye mapaja ambayo mwenyewe alikuwa akiyasifia mbele za watu.

"Yaya Gentille, we baki tu chini utupikie bugali," alimwambia kule kileleni asubuhi ya mashindano. "Tutakuya na njaa."

"Nitapika," Gentille akasema. "Mutaikuta ilishapoa."

Junior alipanda juu ya jiwe. Aliwaambia kwamba njia ameipima mwenyewe, kwamba itapita katika jangwa halisi, na kwamba njia panda ni moja tu, nayo ameiwekea alama. "Hata ukitaka kupotea, huwezi," alisema. Alama za namna gani, hakusema. Akarukia pikipiki kuwahi uwanjani kwa barabara kuu, na huku nyuma rafiki yake mmoja akapuliza filimbi.

Gentille hakufika mbali. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Eddy, kwa roho nzuri kabisa, alikuwa ameupaka mnyororo mafuta ya mawese. Mawese yalikumbatia kila punje ya vumbi la Kabumbe, mnyororo ukavimba, ukaruka. Gentille akapiga magoti, akausugua kwa kitambaa cha kichwa, akaurudisha, ukaruka tena. Alimlaani Eddy kwa Kibembe, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa kidogo alichokuwa nacho. Alipokaa tena kwenye tandiko mikono ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, na wanaume kumi na saba walikuwa wingu la vumbi lililoshaanza kutulia. Machozi yalimlenga. Hata hivyo akakanyaga, maana kurudi juu ya mlima kungekuwa kazi zaidi.

Kwenye njia panda alikuta mbuzi. Walikuwa kama arobaini, wote wa Mama Immaculée, na walikuwa wameikanyaga ile njia panda hadi hapakuonekana alama ya tairi wala ya mguu. Alama ya Junior nayo haikuwepo. Mbuzi mmoja alikuwa anamalizia kutafuna kitu, akamtazama Gentille kwa macho ya mtu asiye na habari.

Kushoto njia ilishuka taratibu kuelekea kijito kikavu, mchanga mtupu. Kulia iliingia kwenye miamba myekundu, pasipo jani hata moja, mteremko ambao mchukuzi mwenye akili zake haupiti. Gentille alishusha mguu, akafikiri. Hakuwa anaijua njia ya Junior, lakini alimjua Junior. Angewapeleka wapi kijana yule, na simu yake na jangwa lake? Palipo na mateso zaidi, bila shaka, ili apige picha. Akageuza usukani kulia.

Breki za mkono baiskeli ya Eddy haikuwa nazo tangu enzi za mwenyewe wa kwanza. Gentille alifunga breki kama wachukuzi wote wanavyofunga, kwa soli ya ndara kwenye tairi la nyuma, na njia nzima ilinuka mpira wa kuungua. Aliruka pasipofaa kurukwa. Alipita juu ya jiwe lililoinama hadi akajiona anatazama ziwa kwa kichwa chini. Mahali pengine vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba gurudumu lilizama na yeye akaendelea mbele bila baiskeli, akarudi kuifuata. Lakini miaka minne ya kushuka na magunia mawili ilikuwa imemfundisha kitu: chuma kizito kikishashika njia hakiulizi maswali. Mnyororo haukuruka tena. Hata ungeruka, mteremko ule haukuhitaji mnyororo.

Aliingia uwanjani akiwa mwekundu kuanzia nywele hadi kucha. Watu walikuwa wamejaa, na Junior alikuwa amesimama mbele, simu mkononi. Gentille akainamisha uso kwa aibu.

"Bengine balifikaka saa ngapi?" aliuliza.

"Wengine gani?" Junior akasema. Naye alikuwa anatazama mlima kwa wasiwasi.

Wengine walifika baada ya dakika arobaini, tena wakitokea upande wa ziwa, ambao hakuna aliyekuwa anautazama. Hawakupanda baiskeli, walizisukuma. Mchanga ulikuwa umewajaa masikioni, na Nasoro alikuwa amevaa viatu shingoni.

"Njia balifunga!" Nasoro alifoka kabla hata hajafika. "Matawi mabichi chini! Nani anapitaka kwenye matawi?"

Junior akakunja uso. "Matawi niliyaweka mimi. Yalikuwa yanawaonyesha pa kupita."

Uwanja mzima ulicheka hadi mama mmoja akakaa chini. Kwa watu wa huko jambo hilo halina mjadala. Wanaotangulia safarini wakifika njia panda huangusha tawi bichi kwenye njia isiyofaa, ili wanaofuata wasipotee. Dereva wa lori likimharibikia barabarani hutandaza matawi nyuma yake, ili anayekuja asimame. Tawi chini maana yake usipite, na pengine mbele kuna daraja lililoanguka, au kuna msiba. Mtoto anayejua kutembea analijua hilo, ila awe amelelewa Nairobi. Junior alikuwa ameifunga njia yake mwenyewe, kwa jasho lake mwenyewe, na wanaume kumi na saba wenye adabu zao wakatii.

Ndipo Nasoro akamgeukia Gentille. "Na we, yaya? Ulivuka matawi? Kama ilikuwa njia ya maiti?"

Kicheko kikapungua, na watu wakamtazama vibaya kidogo. Gentille alijua angeweza kujifanya ameigundua akili ya Junior tangu mwanzo. Lakini kuvuka njia iliyofungwa hakutaka kusingiziwa.

"Mi sikuona tawi," alisema. "Nilikuta mbuzi."

"Zangu!" Mama Immaculée alipaza sauti kutoka kwenye kundi. "Tangu mwezi wa sita hazijaonja jani mbichi. Junior, mwana wangu, Mungu akubariki. Kesho weka tena."

"Donc ni mbuzi njo zilishinda," Nasoro akasema. "Hapana. Turudilie. Jumatatu."

Wanaume wakaitikia, Jumatatu, Jumatatu, na Junior, ambaye kwa wakati huo angekubali lolote ili wasimcheke, alianza kutikisa kichwa kukubali. Gentille akapiga hesabu. Jumatatu chuma cheusi kitakuwa njiani kuelekea Misisi, na yeye atashindana kwa miguu?

"Jumatatu sina kinga," alisema. "Turudilie sasa hivi."

Akageuza baiskeli, akaielekeza mlimani, akasubiri.

Ilikuwa saa sita mchana. Kabumbe ulikuwa unawaka. Wanaume kumi na saba waliutazama, kisha wakatazama miguu yao. Mmoja alikaa kumwaga mchanga kutoka kwenye kiatu, na ilikuwa wazi kwamba hana haraka ya kumaliza. Nasoro aliyashika mapaja yake, safari hii bila kuyasifia.

"Bon," akasema mwishowe. "Kama njia ya Junior alipita yeye tu, basi alishinda yeye tu."

Gentille alilia. Alilia bila kujificha, machozi yakichora mifereji kwenye vumbi la uso, huku Junior akikata nailoni na kumkabidhi baiskeli ya chungwa. Ilikuwa nyepesi, ungeinyanyua kwa mkono mmoja. Aliupapasa usukani, akalipapasa tandiko, akapeleka mkono nyuma ya tandiko, ukapapasa hewa.

"Portebagaje iko wapi?"

"Hii ni ya milimani," Junior akaeleza. "Haibebi mzigo. Inabeba mtu."

"Muntu ataenda wapi bila muzigo?"

Gentille aliinama, akatafuta hata tundu la parafujo la kufungia keria, hakuna. Ameshinda kitu kisichoweza kubeba hata kilo kumi za mihogo. Moyo ulianza kumshuka, na ungefika mbali kama asingesikia mlio mdogo, tik, tik, tik. Alikuwa Eddy. Amechuchumaa upande wa pili wa baiskeli, anabonyeza gia moja baada ya nyingine, mdomo wazi.

Gentille akaufuta uso upesi.

"Nitaitundika ku ukuta," alisema kwa sauti ya kuchoka. "Iko muzuri kwa kuangalia."

"Ku ukuta?" Eddy alishtuka. "Yaya! Wazia mi naingia nayo Misisi!"

"Na mi nitabeba mihogo na nini?"

"Na ile ya zamani! Tubadilishane!"

"Ile yenye kuruka mnyororo?" Gentille akageuka kama anayetaka kuondoka.

"Naongeza pompo!"

"Na kamba za mpira."

"Na kamba."

"Na useme hapa, mbele ya bantu bote, ni yangu mpaka ioze."

Eddy alisema, tena mara mbili, huku ameshapanda baiskeli ya chungwa. Akauzunguka uwanja akibadilisha gia pasipokuwa na haja yoyote, na wasichana wakamtazama kweli.

Gentille alikishika chuma chake cheusi kwa mikono yote miwili, akaanza kukisukuma kwenda nyumbani, kichwa ameinamisha ili watu wasimwone anavyotabasamu. "Maskini," mama mmoja alinong'ona, "mudogo wake amemunyanganya zawadi." Wengine wakaguna kwa uchungu, na Mama Immaculée akamfuata, akamshika bega, akamwambia ajikaze. Gentille aliwaacha wamwonee huruma mpaka mlangoni.